Mgeni wa Kifungo

12 Mei

Dada, shikamoo.

Ukiona mwandiko wangu usishtuke, hajafa mtu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu haina siri. Mwanao anaishika kutwa nzima, eti anafanya hesabu za shule humo, na ukinipigia sauti yako inasikika mpaka kwa jirani, naye huitikia salamu. Barua hii naipeleka mwenyewe ofisi ya mabasi. Wewe ukijibu, pitishia huko huko.

Sina ugomvi na Kifungo. Tangu umlete kwangu Januari aanze shule hii, sijamsikia akinijibu vibaya. Anapiga pasi kola vizuri kuliko wote niliowahi kuwaajiri. Ila kuna jambo limenikaa kooni, siwezi kulimeza wala kulitema.

Mgeni wake haji.

Nilipompokea nilimwonyesha kabati la bafuni, nikamwambia pedi ziko hapa, zikiisha sema. Februari alisema. Tangu hapo kimya. Pakiti niliyonunua mwisho iko pale pale, haijafunguliwa, ina vumbi juu. Nikajisemea labda ananunua mwenyewe, labda anaona haya. Lakini mimi ni dobi, dada. Watu hunidanganya kwa mdomo, nguo haziwezi. Nikishika shuka la mteja najua aliyelalia alikula nini na aligombana na nani. Nguo za mwanao nafua mimi, na tangu Machi sijaona hata tone.

Juzi nikamuuliza tukikunja mataulo. "Mgeni wako yuko wapi siku hizi?" Akalikunja taulo lile lile mara ya pili. "Atakuja tu, mama mdogo." Utadhani anangoja basi.

Na kuna kutapika. Unakumbuka nilikwambia gari la baba yake mdogo linamchefua, maana humpitisha shuleni akienda kuchukua mashuka ya hoteli, na huko nyuma kumejaa suti zinazonuka kemikali za kusafishia. Hilo tulilimaliza. Nampa peremende yake asubuhi na chai, anapanda, anatulia. Lakini sasa najiuliza kama lilikuwa gari kweli.

Sitaki kumsingizia mtoto wa watu. Nakuuliza wewe uliyemzaa: alikuja hivi, au amepatia hapa? Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu nayaona.

Mdogo wako,
Dobi


17 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeisomea chooni, kwa sababu bwenini hapa kiwandani ukifungua bahasha wanafungua na wenzako. Nimeisoma mara mbili, na ya pili nilisahau nilichofuata humo.

Umeuliza kistaarabu lakini nimekuelewa. Mtoto niliyemleta kwako alikuwa mzima. Alivunja ungo akiwa na miaka kumi na tatu, na mgeni wake amekuwa akija na kuondoka kama mpangaji mwenye adabu mpaka siku nilipompandisha basi. Kwa hiyo kama kuna kilichoharibika, kimeharibikia kwako.

Nataka kujua nani anaingia na kutoka hapo. Wateja wakija wakati wewe uko nyuma kwenye mashine, nani anawapa nguo zao? Yule mwalimu wa hesabu uliyemsifu kwamba anawafundisha mpaka jioni, ana mke? Na hizo hesabu za kwenye simu, wewe umeziona?

Kuja siwezi. Tuna oda ya sare, na msimamizi hatoi ruhusa hata ya mazishi mpaka iishe. Nenda duka la dawa, nunua kipimo, umpime. Usimpige. Usimwambie mumeo.

Ikiwa ni kweli, shule basi. Nitakuja kumchukua, akae hapa kiwandani na mimi, akate nyuzi kwenye sare za watoto wa wenzangu. Nimeshona mpaka vidole vimekufa ganzi ili yeye avae sare, siyo azishone. Mwambie hivyo. Au usimwambie, sijui. Mpime kwanza.

Dada yako,
Fundi


24 Mei

Dada, shikamoo.

Nimempima. Mstari mmoja, maana yake hakuna kitu.

Sikuamini. Nilimpa kopo, akaingia bafuni akafunga mlango, mara nikasikia bomba linafunguliwa. Mtu anayekwenda haja ndogo anataka maji ya bomba kwa kazi gani? Kopo lilipotoka rangi yake ilikuwa imepauka, karibu na maji. Nikanunua kipimo kingine, nikaingia naye, nikageukia ukuta. Tulikaa humo mpaka miguu ikaniuma. Mstari mmoja tena. Nikasema labda vyote viwili vimeharibika, duka lile linaacha vitu dirishani vinapigwa jua.

Ningeishia hapo, lakini Jumatano nilifua blauzi zake za shule. Kifuani, upande huu na upande huu, kuna doa. Siyo jasho, jasho huanzia kwapani na kugeuka njano. Siyo chai. Limekauka likakakamaa kama limetiwa wanga. Nikaloweka, maji yakawa meupe. Dada, doa hilo nalijua. Wanawake wanaonyonyesha nawafulia miaka yote hii. Ni maziwa.

Nilikaa juu ya kapu la nguo chafu. Kama mimba haipo na maziwa yapo, basi mimba ilikuwepo. Ilikwenda wapi? Nikapekua chini ya godoro lake, nikakuta leso mbili zimekunjwa vizuri, zina doa lile lile. Kwa hiyo anajua, na anaficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu wako anaficha, na mimi naogopa amekwisha zaa.

Siku ile ile nikampeleka hospitali. Daktari ni mwanamke, bado kijana, ana sauti ya chini. Akaniambia, "Mama, naomba utusubiri nje." Mimi, nje. Nikasimama karibu na mlango, muuguzi akaniletea kiti, akakiweka mbali na mlango. Walikaa humo muda mrefu. Mtoto akatoka macho mekundu.

Nikamuuliza daktari, "Amekwambia nini?" Akasema, "Aliyoniambia ni yake, nami nitamtunzia. Nimempima damu, mimba hana, na dalili kwamba aliwahi kuwa nayo sizioni. Hedhi ya msichana husimama kwa sababu nyingi." Akaanza kuzitaja: kukonda, mawazo, mazoezi ya kupita kiasi, tezi ya shingoni, mayai kutopevuka. Na maziwa nayo, alisema, yana njia zake za kuja bila mtoto. Wamechukua damu nyingine, majibu baadaye.

Sababu nyingi. Mtu akikupa sababu nyingi, ujue ile moja ameikalia.

Mdogo wako,
Dobi


29 Mei

Mdogo wangu,

Leo nimeshona mikono ya mashati kushoto na kulia ikapishana, msimamizi akaninyanyulia shati juu kila mtu aone. Sikuona hata haya. Kichwa changu kilikuwa kwako.

Nimefikiri na sasa nasema. Nani anamchukua mwanangu kila asubuhi, wawili peke yao, kwenye gari ambalo nyuma halina dirisha? Gari hilo linapita wapi kabla ya kufika shuleni? Uliniambia alikuwa anatapika, halafu akipanda anatulia. Nani anamtuliza?

Nilikutajia wateja, nikakutajia mwalimu, na sote wawili tukamruka mtu aliye karibu kuliko wote. Kikulacho ki nguoni mwako. Nawe unayejua madoa ya nguo za watu wote, za mumeo umewahi kuziangalia?

Kuanzia kesho asipande gari lile. Ukikasirika, kasirika. Wewe una mume, na ukimkosa utapata mwingine. Mimi nina mtoto mmoja.

Dada yako,
Fundi


4 Juni

Dada,

Barua yako nimeipata. Naijibu kwa sababu kuna majibu ya daktari, siyo kwa sababu nyingine.

Hapandi gari. Anakwenda kwa miguu. Mume wangu ameuliza kwa nini, nimemwambia ni mazoezi. Huo ni uongo wa kwanza kumwambia, na nimeusema kwa ajili yako. Na Mungu anisamehe, jana akiwa anaoga nimelikagua gari lake, nimeinua mpaka mazulia. Sikukuta kitu, lakini ndiyo ujue mbegu yako imeota.

Sasa majibu. Kuna homoni ya maziwa, kila mtu anayo kidogo. Ya Kifungo iko juu sana. Daktari anasema inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, haizidi punje ya kunde, na ikimwagika nyingi humzuia mgeni asije. Wakati mwingine tezi hiyo huota uvimbe. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma, kama anaona vizuri pembeni. Akauliza kama anatumia dawa yoyote. Hapo nilijibu mimi kabla yake, kwamba huyu hajawahi kumeza dawa kwangu hata homa ikimshika, vidonge humkaba tangu mdogo. Kifungo akatikisa kichwa kukubali, daktari akaandika. Tarehe kumi na sita watampiga picha ya kichwa.

Nilikwenda pale kutafuta mwanamume, nikarudi na uvimbe. Ukiniuliza ni lipi ningeomba, sijui.

Dobi


5 Juni

Mama, shikamoo.

Najua mnaandikiana. Bahasha ya ofisi ya mabasi hukaa kwenye mfuko wa aproni ya mama mdogo, na kila ikifika anabadilika sura. Sijasoma hata moja. Nasoma sura.

Nimeona nikuandikie kabla ya hiyo picha, kwa sababu kama kweli kichwani kuna kitu, nataka mambo haya uwe umeyasikia kwangu.

Sina mwanamume na sijawahi kuwa naye. Daktari aliniuliza tukiwa wawili. Akaniuliza pia kama kuna mtu mzima aliyewahi kunigusa au kunitisha, hapa nyumbani au shuleni. Nikasema hapana, na ndiyo kweli. Sikulia kwa sababu ya swali. Nililia kwa sababu aliuliza halafu akanyamaza, akangoja jibu. Nilikuwa nimesahau kwamba watu hufanya hivyo.

Siku ya kopo nilifungua bomba kwa sababu mama mdogo alikuwa amesimama nyuma ya mlango anapumua, na haja ikagoma. Maji yakimiminika inakuja. Ndiyo siri yote ya bomba.

Maziwa yalianza Aprili. Nilidhani ni saratani. Nilificha zile leso kwa sababu nilijua zikionekana watu watasema nini, na zilipoonekana ndicho walichosema.

Baba mdogo hanipeleki tena. Ananipita njiani, anapunguza mwendo, ananitazama, kisha anaongeza. Zamani alikuwa akiniuliza maswali ya historia njia nzima, na majibu yenyewe hayajui, kwa hiyo nilikuwa napata yote. Sijui nimemkosea nini.

Mama mdogo ananitazama kama doa asilolijua. Lakini usimfikirie vibaya. Hata siku asiyonisemesha, na ingawa sipandi gari siku hizi, peremende yangu haisahau. Naikuta kwenye kisosi pembeni ya chai, natafuna. Ni chungu kwa peremende, ila ndicho kitu pekee ninachopewa humu ndani bila kushukiwa.

Mama, umeandika barua mwezi mzima. Zote zinanihusu mimi. Hakuna hata moja iliyokuja kwangu.

Mtoto wako,
Kifungo


9 Juni

Mdogo wangu,

Hukuniamkia katika barua yako, nami sikustahili. Hilo liache kwanza. Nijibu hili: peremende gani?

Nimesoma barua ya mtoto wakati wa chai, na neno hilo limenikwama. Wewe mwenyewe uliliandika tangu barua ya kwanza, nikalipita, nikidhani peremende ni peremende. Lakini Kifungo anasema ni chungu. Na mimi katika maisha yangu nimekula peremende chungu za mtu mmoja tu.

Ni zile za baba. Tukishikwa na homa alikuwa anatupangia vidonge kiganjani, anasema, "Haya, peremende zenu." Tunameza tumekunja uso, na ole wake atakayeviita dawa, maana ukitajiwa dawa wewe ulikuwa unapanda juu ya kabati. Mpaka umeolewa ulikuwa unamwambia mumeo kichwa kinauma, niletee peremende. Kwetu dawa haikuwa na jina lake.

Sasa kama unachompa mwanangu kila asubuhi kimetoka duka la dawa, basi daktari aliuliza swali la maana na sisi tukamjibu uongo. Wewe uliusema, na mimi nilikuwa na ukweli mkononi tangu Mei nikausoma kama mapambo. Sijui kama kinahusika. Mimi nashona. Lakini chukua pakiti yake, mpelekee daktari kabla ya tarehe kumi na sita, umwambie ni cha nini na unampa tangu lini.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Kifungo. Ni yake. Usiifungue.

Dada yako,
Fundi


20 Juni

Dada, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Karatasi zimekwisha, hii ni ya kufungia mashati.

Ni dawa. Ni kidonge cha kuzuia kutapika. Nilikinunua Januari gari lilipoanza kumsumbua, na kwa kuwa nilijua hamezi vidonge, nikavitoa kwenye pakiti nikavitia kwenye kopo la peremende za mnanaa, nikamwambia hii ni peremende ya safari, itafune. Baada ya siku chache hata mimi nilisahau kwamba ni dawa. Vikiisha namwambia mume wangu, "Pitia uniletee peremende za mtoto," na yeye anajua aende duka gani. Kwa hiyo daktari aliponiuliza, dada, sikukusudia kumdanganya. Nilimjibu kwa Kiswahili cha baba.

Nilimwekea pakiti mezani. Akaisoma, akaigeuza, akauliza, "Kila siku?" Nikasema kila siku ya shule. "Tangu Januari?" Tangu Januari, na hata alipoacha gari sikuacha kumpa, mkono ulishazoea. Akavua miwani. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Akanieleza kwamba vidonge vile ni vya siku chache, na kwamba kuna watu wakivitumia muda mrefu huamsha ile homoni ya maziwa. Ikiamka yenyewe, mgeni analala. Tukaviacha siku ile ile. Wiki moja baadaye wamepima damu tena, homoni imeshuka, imekaribia mahali pake. Picha ya kichwa ameiweka kando. Anasema tungoje, mgeni anaweza kuchukua miezi miwili mitatu kurudi. Asiporudi, wataangalia upya.

Ardhi ingepasuka ningeingia bila kusukumwa. Nimemtafuta mchawi shuleni, dukani, chini ya godoro, ndani ya gari, kumbe mchawi yuko jikoni anachemsha chai.

Nimemwambia Kifungo mbele ya mume wangu, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo haikuwa peremende." Basi. Akaenda kupiga pasi.

Mume wangu naye akauliza, sasa yale mazoezi ya kutembea yalikuwa ya nini. Nilikuwa nimechoka na uongo, nikampa barua yako ya Mei, ile ya gari. Aliisoma amesimama. Akaikunja, akanirudishia, akasema, "Shemeji angeniuliza." Kesho yake alifungua milango yote ya gari akaliacha juani mpaka harufu ikaisha. Siku hizi suti zinasafiri mchana, na asubuhi Kifungo anakaa mbele, kioo wazi.

Mdogo wako,
Dobi


27 Juni

Mdogo wangu, marahaba.

Nimeanza kumwandikia shemeji, nikashindwa. Kila sentensi ilikuwa inaanza na mimi. Kwa hiyo nimemshonea shati, liko kwenye kifurushi hiki. Kitambaa nimekinunua, siyo mabaki ya kiwandani, na kola nimeirudia kuishona mpaka nimeridhika. Akilivaa nitajua. Akilifanya tambara la kufutia gari nitajua pia, na usinitetee.

Shule anaendelea. Hilo ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Dada yako,
Fundi


21 Agosti

Dada, shikamoo.

Shati liko kabatini. Hajalivaa, hajalitupa.

Mgeni bado. Nguo zake nafua mwenyewe, nageuza ndani nje, naangalia juani. Blauzi ni safi, maziwa yamekwisha tangu Julai, hilo nashukuru. Lakini shuka ni jeupe kama siku niliyolinunua, na pakiti ya pedi iko pale pale na vumbi lake. Ile miezi aliyosema daktari inakwisha. Nimeanza kuogopa kwamba ni tezi kweli, na kidonge tulikisingizia.

Au kuna jingine. Siku hizi anafunga mlango wa chumba chake. Wiki iliyopita alfajiri nimemkuta anatoka bafuni na ndoo, aliponiona akaihamishia upande wa pili. Ndoo ya nini saa zile? Nimeahidi sitamshuku tena, na najitahidi, lakini macho hayasikii ahadi.

Niambie. Niende kwa daktari nimwombe ile picha, au kwanza nipekue?

Mdogo wako,
Dobi


24 Agosti

Mama, shikamoo.

Asante kwa barua zako. Ile ya kwanza, uliyoandika "naomba unisamehe" halafu ukakata, ukaandika tena, naipenda kuliko zote.

Mgeni amekuja. Alikuja Julai, siku ya mtihani wa hesabu, na mwezi huu amekuja tena. Nilicheka peke yangu chooni shuleni mpaka msichana wa mlango wa pili akauliza kama niko salama. Daktari nimempitia mwenyewe nikitoka darasani, akasema ni vizuri, nirudi tu kama atapotea tena.

Mama mdogo hajui. Pedi nazinunua mwenyewe, zinakaa kwenye begi. Shuka nalifua kabla hajaamka, kwa maji baridi, kama alivyonifundisha yeye, maana ya moto hugandisha doa la damu. Linatoka lote. Amenifundisha vizuri, ndiyo maana hanipati.

Najua ana hofu. Namwona kwenye kamba analigeuza shuka langu huku na huku, uso umemshuka, na najisikia vibaya. Kuna siku nilifungua mdomo nimwambie. Kisha nikafikiri, nikimwambia atakuwa amejua, lakini hatakuwa ameniuliza. Ameyauliza magodoro, leso, mkojo, damu, gari. Mimi nakaa naye meza moja kila asubuhi. Wateja wanamwongopea kila siku na bado huwauliza, anawatazama usoni, "Hili doa ni la nini?" Mimi nataka hivyo tu.

Ukitaka mwambie wewe. Lakini ningependa usimwambie.

Mtoto wako,
Kifungo


29 Agosti

Mdogo wangu, marahaba.

Usipekue. Usiende kwa daktari. Muulize.

Dada yako,
Fundi


3 Septemba

Dada, shikamoo.

Nimemuuliza. Nilizima mashine zote kwanza, maana nimegundua kwamba huwa nauliza watu nimewapa mgongo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, yeye akiwa upande wangu wa meza na pasi mkononi, nikamwambia, "Kifungo, mgeni wako amerudi?" Halafu nikanyamaza. Unanijua, kunyamaza kwangu ni kazi kuliko kufua blanketi. Aliiweka pasi chini, akanitazama kama anapima kitu. Nami nikangoja.

Akasema, "Amerudi. Tangu Julai."

Nikaenda mpaka kwenye kamba nikalishika lile shuka. Nimelitafuta doa kwenye mwanga, nimelitafuta kwa vidole, sikuliona. Nikamwambia, kazi safi. Akacheka, mara ya kwanza tangu aje kwangu nimsikie anacheka kwa sauti, na mimi nikalia kidogo kwenye shuka lililokwisha fuliwa. Alitaka kulifua upya, nimemwambia nitalifua mimi.

Baba yake mdogo leo amelivaa shati. Hajasema neno. Alijitazama kwenye kioo cha gari, akashika kola, akaenda zake.

Barua yako ya Mei sijaichoma. Siku ukinisimanga kwa peremende nitaitoa. Nawe zitunze hizi zangu, za bomba na za godoro, ili tuwe tumeshikana pabaya sote wawili.

Asubuhi nilimwekea sukari kwenye kile kisosi, bila kufikiri. Akauliza, "Mama mdogo, hii ni nini?" Nikamwambia, "Sukari." Akaionja kwanza kwa ncha ya ulimi, kisha akaitia kwenye chai.

Mdogo wako,
Dobi